Moja kwa Ishirini na Nne

Mchana nachonga meno ya watu.
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, mlango wa buluu,
kibao aliandika shemeji yangu, mkono ukimtetemeka:
MENO BANDIA. TUNAREKEBISHA YALIYOVUNJIKA.
Usiku, kwa mota ileile, tupa ileile,
nachonga gari.

Si la dukani. La dukani huja limekamilika,
huna la kuliongezea ila vumbi.
Hili ni Ford ya mwaka thelathini na mbili
iliyotelekezwa na Mgiriki kwenye shamba la mkonge, kule Ngomeni,
kuku wakawa wanataga kwenye viti vyake,
hadi baba yangu, Semkiwa, fundi wa korona,
akaikata paa kwa msumeno wa chuma,
akaishusha kifua mpaka ikawa inanusa ardhi,
boneti akaitupa. Akasema:
"Moyo haufichwi. Waache wauone unavyodunda."

Haukudunda.
Silinda nane, hakuna hata moja iliyokohoa.
Ada ya chuo changu ilipowadia
likaja lori la chuma chakavu.
Baba alihesabu noti, akanipa, akaenda kunawa mikono.
Alinawa muda mrefu.

Hiyo ndiyo sababu, ukiniuliza. Hujaniuliza.

Basi, chesisi: mbavu mbili za mwavuli
zilizoungwa kwa risasi.
Bodi ni kopo la maziwa ya unga, limepashwa moto likanyong'onyea,
likagongwa taratibu juu ya plasta nyeupe
niliyoimimina kama ninavyomimina taya la mteja.
Magurudumu ya nyuma ni kandambili, manene;
ya mbele membamba, maana baba alitaka lisimame
kama beberu anayejiandaa kupiga pembe.
Mabomba ya moshi ni spoki. Mji huu haukosi spoki.
Silinda nimezipanga nane, vichwa vya keekee zilizokufa makali.
Na grili? Hapo sikuhangaika.
Grili ni meno tu.

Dada Mwanaidi huleta chai ya mchaichai,
huvaa miwani, huinama.
"Lilikuwa la kijani."
"Jekundu, dada."
"Kijani cha mlango wa msikiti. Wewe ulikuwa unanyonya."
Nilikuwa na miaka tisa.
Picha hakuna. Wa kuamua hayupo.

Kifuniko cha rejeta kilinitesa wiki tatu.
Shaba ilifubaa, plastiki ilijitangaza kuwa plastiki.
Kwenye droo kulikuwa na jino la dhahabu
la Bwana Kaniki wa Makorora:
alilipa nusu, akafa kabla ya kulivaa.
Miaka minne. Nikalikata, nikalisugua,
likakaa pale kama limeota.

Jumanne akaja mjane, risiti mkononi.

Sikuwa na uongo uliokwisha iva.
Nikaleta gari juu ya trei ya vyombo,
nikamwonyesha kwa ncha ya kibano.
Alilitazama kama mtu anayechambua mchele.
Akalisukuma kwa kidole kimoja;
likaenda inchi moja, mbili,
likagonga kikombe chenye meno ya mtu wa Pongwe.
"Linakwenda," akasema.
"Linasukumwa tu, mama. Halina moto."
"Na yeye alikuwa hivyohivyo."
Akacheka hadi mtandio ukamteleza begani,
kisha akawa hacheki.
Nusu ile ya fedha nilimhesabia; hakuigusa.
Risiti aliikunja na kuikunja, ikalingana na ukucha,
akaiweka kwenye kiti cha dereva.
Kiti, alisema, hakina mto.

Rangi bado.
Limevaa kijivu cha chini, kama mtu aliyetoka kuoga
anayetafuta nguo.
Kila usiku nafungua vichupa viwili vya rangi ya kucha,
chekundu, cha kijani,
nanusa,
nafunga.